Al-Jahiz, mwanazuoni wa Basra aliyechunguza nywele za kipilipili

Katikati ya mji wa Doha, katika mtaa wa Msheireb, ipo nyumba ya kale inayojulikana kwa jina la Bin Jelmood. Mwenye nyumba hiyo alikuwa mfanyabiashara wa watumwa. Tangu mwaka 2015 nyumba yake imekuwa jumba la makumbusho, linaloeleza habari za utumwa katika nchi zinazozunguka Bahari ya Hindi na jinsi watu wa Afrika Mashariki walivyofikishwa katika Ghuba kupiga mbizi za lulu, kufanya kazi mashambani na kutumika majumbani. Qatar ilipiga marufuku utumwa mwaka 1952, na wazao wa watu hao leo ni raia wa nchi hiyo.

Mgeni kutoka Mombasa au Unguja anayetembea sokoni Doha huwatambua mara moja. Watu hao huvaa kanzu na kilemba kama Waqatari wengine, na Kiarabu chao ni kile kile cha Ghuba. Mwaka 2010 watafiti, wakiwamo wa chuo cha tiba cha Weill Cornell kilichoko Doha, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya Waqatari. Waliwakuta wamegawanyika katika makundi matatu makubwa kwa asili, na moja kati ya hayo lilikuwa na damu ya Afrika.

Lakini kabla ya vinasaba kujulikana, watu walitumia macho. Walitazama rangi, na baada ya rangi walitazama nywele. Katika pwani ya Waswahili maneno ya kazi hiyo yapo hadi leo: nywele za singa ni zile laini zinazolala, na nywele za kipilipili ni zile fupi zinazojikunja vidonge vidonge kama pilipili manga. Waarabu wa zamani nao walitumia neno la namna hiyo hiyo, lililotokana na filfili, yaani pilipili. Maneno hayo hayakuwa ya kupima urefu tu. Yalikuwa yakipima ungwana.

Miaka zaidi ya 1,100 iliyopita, mtu mmoja wa Basra, mji ulioko kwenye kichwa cha Ghuba hiyo hiyo, alijiuliza kwa nini nywele za watu huota kwa namna mbalimbali, na jibu alilolitoa lilikwenda kinyume na lile lililokuwa likivuma wakati wake. Alikuwa na sababu ya kujiuliza. Babu yake alikuwa mtu mweusi.

Mtoto wa mferejini

Jina lake kamili lilikuwa Abu Uthman Amr bin Bahr al-Kinani. Alizaliwa Basra takriban mwaka 776. Al-Jahiz ni jina la utani, na maana yake ni mwenye macho yaliyotokeza nje. Inaelezwa kuwa babu yake alikuwa mchunga ngamia aliyetumika kwa bwana mmoja wa kabila la Kinana, na ndiyo sababu familia ikabeba jina la kabila hilo.

Basra ya siku zile ilikuwa bandari yenye mifereji na mitende, na vyombo vilifika kutoka India, Uchina na pwani ya Zanji, jina ambalo Waarabu waliwapa watu wa Afrika Mashariki. Nje ya mji, katika mabwawa ya chumvi, watumwa kwa maelfu walikwangua udongo wa juu ili ardhi ilimwe. Wengi wao waliitwa Wazanji.

Al-Jahiz alikua katika umaskini. Wasimulizi wa zamani wanasema alionekana akiuza mkate na samaki kando ya mfereji wa Sayhan. Alipopata nafasi alikimbilia msikitini kukaa miguuni pa wanazuoni, au uwanja wa Mirbad, ambako Mabedui walikuja na ngamia zao na mashairi yao. Walimu wake walikuwa mabingwa wa lugha wa zama hizo, akina al-Asmai na Abu Ubayda, na katika elimu ya hoja alimfuata al-Nazzam wa madhehebu ya Mutazila, watu waliotaka kila jambo lipimwe kwa akili.

Kipo kisa ambacho vitabu vya kale havichoki kukirudia. Siku moja kijana huyo alimwomba mama yake chakula, na mama akamletea sinia lililojaa madaftari, kwa kuwa hayo ndiyo aliyokuwa akiyaleta nyumbani kila siku. Inasimuliwa pia kuwa alikodi maduka ya wauza vitabu usiku, akafungiwa humo na kusoma mpaka kupambazuke. Karatasi ilikuwa bado kitu kigeni katika nchi za Kiislamu, ndiyo kwanza inachukua nafasi ya ngozi, na bei ya vitabu ilikuwa ikishuka. Bila karatasi huenda mwana wa mferejini asingekuwa mwandishi.

Maandishi yake juu ya uongozi wa Waislamu yalimfikia Khalifa al-Mamun, ambaye alipendezwa nayo, na kiasi cha mwaka 815 al-Jahiz akaanza kujulikana Baghdad. Aliwekwa katika ofisi ya waandishi wa dola, akakaa siku tatu tu, kisha akaacha. Tangu hapo aliishi kwa kalamu yake na kwa zawadi za wakubwa. Vitabu na risala zinazohesabiwa kuwa zake zinakaribia 200: juu ya mabahili, juu ya waimbaji, juu ya walimu, juu ya wezi, juu ya ufasaha. Katika kitabu chake cha ufasaha alimpa nafasi ya heshima Qatari bin al-Fujaa, kiongozi wa Makhawariji ambaye jina lake linanasibishwa na nchi ya Qatar. Mji wa Doha wenyewe ulikuwa haujazaliwa.

Hadithi ya laana

Ili kuielewa thamani ya jambo alilolifanya al-Jahiz juu ya nywele, ni lazima kwanza kuijua hadithi aliyoikuta. Katika karne zile palikuwa na masimulizi, ambayo hayamo ndani ya Kurani, kwamba Nabii Nuhu alimwapiza mwanawe Hamu, na kwa ajili ya apizo hilo wazao wa Hamu wakawa weusi. Ibn Qutayba, aliyeishi wakati mmoja na al-Jahiz na ambaye hakumpenda hata kidogo, aliyaandika masimulizi ya namna hiyo. Mwanahistoria al-Tabari, aliyefariki mwaka 923, aliyahifadhi mengine yaliyokwenda mbali zaidi: kwamba nywele za wazao wa Hamu hazitakua kupita masikio yao, na kwamba popote watakapokutana na wazao wa Sham watafanywa watumwa.

Jambo hilo linafaa kutazamwa polepole. Urefu wa nywele na minyororo vimewekwa katika apizo moja. Mtu aliyemnunua Mzanji katika soko la Basra angeweza kumtazama kichwani na kujiambia kuwa hati ya umiliki imekwisha andikwa pale tangu siku za gharika.

Al-Jahiz aliikataa hoja ya namna hiyo. Aliandika risala maalumu juu ya fahari za watu weusi mbele ya weupe, na ndani yake akawapa Wazanji nafasi ya kujitetea wenyewe. Huwaeleza Waarabu kuwa hawajapata kuwaona Wazanji wa kweli, kwa maana waliofika kwao ni mateka tu, watu wa chini waliochukuliwa katika fukwe na misitu ya Qanbalu. Anasema pia kuwa Wazanji ni makundi mawili, watu wa Qanbalu na watu wa Lanjuya. Wataalamu wengi wanaona kuwa Qanbalu ni Pemba, na Lanjuya ni Unguja. Kwa hiyo visiwa viwili vya Zanzibar vinatajwa kwa pamoja katika kitabu cha mtu wa Basra wa karne ya 9, na vinatajwa kama makwao watu waliodhulumiwa kwa kuhukumiwa kabla ya kujulikana.

Kuhusu rangi, jibu lake lilikuwa fupi: hiyo si adhabu wala si ubaya wa maumbile. Ni kazi ya nchi, maji, udongo na jua. Ushahidi wake aliutafuta ndani ya Arabuni kwenyewe, katika nyanda za mawe meusi ya volkano walikoishi Banu Sulaym. Huko, alidai, watu ni weusi, na vivyo hivyo swala, mbuni, mbweha, kondoo, punda, ndege na hata nzi. Na wenyeji wa huko wakioa wanawake wa Kirumi, haipiti vizazi vitatu kabla ya wazao kupata rangi ya mahali.

Kisha akaja kwenye kichwa. Chawa wa kijana mwenye nywele nyeusi, aliandika, ni mweusi. Nywele zikiingia mvi, chawa huwa mweupe. Zikitiwa rangi ya hina, huwa mwekundu. Mfano huo unaweza kuwachekesha watu, na bila shaka yeye alitaka wacheke, maana hakuna mwandishi wa Kiarabu wa zama zake aliyependa mzaha kama yeye. Hata hivyo hoja iliyomo haina mzaha. Ikiwa kiumbe mdogo hugeuka rangi kwa kufuata mahali anapoishi, na hakuna mtu anayesema chawa amelaaniwa, kwa nini isemwe hivyo juu ya binadamu?

Unywele na moto

Kazi yake kubwa ni Kitabu cha Wanyama, chenye juzuu saba, alichomtunuku waziri Ibn al-Zayyat na kulipwa dinari 5,000. Si kitabu cha elimu ya wanyama kwa maana ya leo. Ndani yake mna mashairi, visa, masahihisho ya Aristotle, ubishi kati ya mwenye mbwa na mwenye jogoo, na mambo aliyoyaona kwa macho yake au kuyauliza kwa wavuvi, wachinjaji na waganga. Msomaji hujikuta akianza na nyoka na kumaliza na sarufi.

Humo, katika mazungumzo juu ya njiwa, ndimo lilimo jibu la nywele. Tumbo la uzazi linafananishwa na tanuri. Watu wa kaskazini, Waslavi, hawakuiva vya kutosha, Wazanji wamepitiliza, wa katikati ndio walioiva sawasawa. Nywele za Wazanji zimejikunyata kwa sababu jua limezibabua. Ushahidi ni wa jikoni kabisa: ukiusogeza unywele karibu na moto, hujipinda, ukizidi kuusogeza, hujikunja kama pilipili, ukizidi tena, huungua.

Hakuna asiyeweza kufanya jaribio hilo nyumbani, na kila msusi aliyewahi kusahau chanuo la moto anajua kuwa sehemu ya mwisho ni kweli. Lakini hitimisho halikuwa sahihi, na inafaa kueleza lilikoseka wapi.

Kila unywele huota ndani ya kifuko kidogo kilichozama katika ngozi. Kwenye shina la kifuko hicho seli hugawanyika kwa kasi, zikasukumana kwenda juu, zikajaa protini iitwayo keratini, zikakauka na kufa. Unywele unaoonekana nje ya ngozi hauna uhai. Ndiyo sababu kuukata hakuumi, na wala kuunyoa hakufanyi uote mnene zaidi, ingawa imani hiyo imeenea kutoka Lamu hadi Bukavu. Kichwa cha mtu mzima kina vifuko vipatavyo 100,000. Kila kimoja hufanya kazi kwa zamu yake: hukuza unywele kwa miaka miwili hadi sita, hujifunga kwa wiki chache, hupumzika kwa takriban miezi mitatu, kisha unywele wa zamani hudondoka na mpya huanza. Kudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida.

Kujikunja kunaanzia huko chini ya ngozi. Kifuko kilichonyooka hutoa unywele ulionyooka; kilichopinda hutoa unywele uliopinda. Umbo la kifuko hurithiwa kutoka kwa wazazi. Jua la mchana halina uwezo wa kukikunja, na ndiyo sababu mtoto wa Kizanzibari aliyezaliwa Oslo au Toronto, kwenye theluji, hutoka na nywele zile zile za bibi yake.

Hata ule urefu uliotajwa katika apizo una maelezo yake. Nywele zilizojikunja sana zinaweza kuonekana nusu ya urefu wake halisi, au chini ya hapo. Pia hukatika kwa urahisi zinapochanwa, kwa kuwa kila kona ya mkunjo ni mahali dhaifu. Na vipimo vilivyofanywa na wataalamu vimeonyesha kuwa kwa wastani nywele za Waafrika hukua kiasi cha robo milimita kwa siku, huku za Wazungu zikikaribia milimita 0.4. Kwa hiyo waliosimulia kuwa nywele za watu weusi hazipiti masikio walikuwa wameona jambo, wakaligeuza kuwa hukumu.

Lakini je, jua halimo kabisa? Hapa mambo yanapendeza. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani na Uingereza, akiwamo Tina Lasisi, walitangaza matokeo ya jaribio waliloliendesha kwa sanamu ya binadamu inayopashwa joto. Sanamu hiyo ilivishwa nywele za bandia zilizonyooka, za mawimbi na zilizojikunja sana, ikawekwa chini ya taa zenye nguvu ya jua. Nywele za aina zote zilipunguza joto lililofika kichwani, lakini zile zilizojikunja sana ndizo zilizokinga vizuri kuliko zote. Watafiti hao wanaona kuwa nywele za namna hiyo huenda ziliwasaidia binadamu wa kwanza, waliotembea wima chini ya jua kali la Afrika, kulinda ubongo wao.

Al-Jahiz alidhani jua limeziharibu nywele. Kama watafiti hao wamesema kweli, ni nywele zilizokuwa zikilizuia jua. Alikosa mwelekeo wa jambo, lakini kuliweka jua na nywele katika swali moja, pasipo kumwingiza Hamu, kulikuwa ni hatua ambayo wengi wa zama zake hawakuipiga.

Matowashi

Ipo sehemu nyingine ya kitabu hicho ambayo ni vigumu kuisoma kwa utulivu. Baghdad ilikuwa imejaa matowashi, wavulana waliohasiwa na kuuzwa kutumika katika majumba ya wakubwa. Al-Jahiz aliyakusanya mambo yanayowapata, kuanzia sauti hadi mifupa, na katika nywele aliona utaratibu. Mvulana akihasiwa kabla ya kubalehe, ndevu hazioti. Akihasiwa baada ya hapo, nywele za mwilini hupukutika, isipokuwa za kinena, ambazo hupungua tu. Za kichwani hazidhuriki, kwa sababu zile, pamoja na nyusi na kope, mtu huzaliwa nazo.

Kuzigawa nywele katika zile za kuzaliwa nazo na zile zinazosubiri utu uzima ni mgawanyo ambao wataalamu bado wanautumia. Wayunani nao, tangu zama za Hippocrates, walikuwa wamegundua kuwa matowashi hawapati upara. Sababu ilijulikana mwaka 1942, Mmarekani James Hamilton alipochapisha uchunguzi wake juu ya wanaume waliohasiwa: homoni ya kiume ndiyo inayochochea upara kwa wale waliorithi mwelekeo huo. Homoni hiyo hiyo ndiyo inayootesha ndevu.

Al-Jahiz hakuwa na neno homoni. Alikuwa na watu waliofanyiwa ukatili mbele ya macho yake, na alikuwa na kalamu. Aliandika pia kuwa kitendo chenyewe ni kiovu. Lakini aliendelea kupokea fedha za mabwana ambao milango yao ililindwa na watu hao.

Haifai kumfanya kuwa mtetezi asiye na doa. Katika maneno yale yale ya tanuri na njiwa imo kauli kuwa akili za weusi na za wekundu wa kaskazini ni pungufu kuliko za watu wa rangi ya kati, na katika vitabu vyake vingine zimo sentensi za kuwadharau Wazanji. Wapo wasomi wanaosema hata ile risala ya fahari za weusi ilikuwa mchezo wa hoja, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutetea upande huu leo na upande ule kesho ili kuonyesha umahiri. Wengine wanaona kuwa damu ya babu ilikuwa ikisema. Inawezekana kabisa yote mawili ni kweli. Mtu aliyepanda hadi meza za mawaziri huku uso wake ukimtaja nyumbani kwake alijua kuficha moyo ndani ya kichekesho.

Uso na mwisho

Uso huo ulimsumbua maisha yake yote, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kuucheka. Inasimuliwa kuwa mwanamke mmoja alimchukua hadi kwa sonara, akamwonyesha, akaondoka bila kusema zaidi. Sonara akaeleza kuwa mwanamke yule alitaka pete yenye sura ya shetani, na fundi alipolalamika kuwa hajawahi kumwona shetani, ndipo akamletea mfano. Khalifa al-Mutawakkil alitaka kumpa kazi ya kuwafundisha watoto wake, lakini alipomwona alibadili nia, akampa dirhamu 10,000 na kumruhusu aende zake.

Mwaka 847 mlinzi wake, Ibn al-Zayyat, aliangushwa na khalifa huyo na kuteswa hadi kufa katika tanuri la misumari alilokuwa amelitengeneza kwa ajili ya wengine. Al-Jahiz alitoroka, akakamatwa, na kuletwa kwa minyororo mbele ya hasimu wa marehemu, kadhi Ibn Abi Duad. Ulimi ulimwokoa. Alifunguliwa, akaoshwa na kuvishwa, na kitabu cha ufasaha akamtunuku kadhi huyo. Malipo yalikuwa dinari 5,000 tena.

Uzeeni alirudi Basra. Kiharusi kilikuwa kimempooza upande mmoja wa mwili. Mwandishi wa wasifu Ibn Khallikan anaeleza kuwa upande wa kulia ulipakwa sandali na kafuri kwa ajili ya joto lililokuwa likimuunguza, na upande wa kushoto ungeweza kukatwa kwa mkasi asihisi lolote. Alifariki mwezi wa Muharram mwaka 255 Hijria, yaani kati ya Desemba 868 na Januari 869, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90. Kisa mashuhuri kwamba aliangukiwa na vitabu vyake kiliandikwa na watu wa baadaye, ambao pengine walihisi kuwa hakuna kifo kingine kinachomstahili.

Mnamo Septemba ya mwaka huo huo wa 869, watumwa wa mabwawa ya chumvi nje ya Basra waliasi. Waliongozwa na Ali bin Muhammad, na uasi huo, unaojulikana kama uasi wa Zanji, ulidumu hadi mwaka 883. Mwaka 871 waliuteka mji wa Basra, wakaua watu wengi na kuuchoma. Al-Jahiz alikuwa ameshalala kaburini. Hakuwaona wale ambao aliwapa maneno ya kujitetea wakiingia kwa panga katika mitaa aliyouzia samaki.

Hadithi ya apizo haikufa naye. Ilibidi Ibn al-Jawzi wa Baghdad aikanushe tena katika karne ya 12, na Ibn Khaldun katika karne ya 14, akieleza kuwa weusi unatokana na joto la nchi. Hata hivyo ilivuka bahari, na wafanyabiashara wa utumwa wa Ulaya na Marekani nao wakaitumia.

Vitabu vilivuka pia. Nakala ya Kitabu cha Wanyama yenye picha za rangi, iliyochorwa zama za Mamaluki, ipo katika maktaba ya Ambrosiana mjini Milan. Risala ya fahari za weusi ilichapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1903, na kati ya mwaka 1938 na 1945 Abd al-Salam Harun alizitoa juzuu zote saba za wanyama mjini Cairo, zikiwa zimesahihishwa kwa uangalifu. Humo unywele ungali ukisogezwa karibu na moto, na Pemba na Unguja zingali zikiitwa kwa majina yao ya zamani.